Polifenoli za Mimea Dawa: Kati ya Kipimo cha Maabara na Ahadi ya Tiba

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayenunua unga wa mlonge au maua makavu ya choya mara nyingi hukuta kwenye kifungashio maelezo kwamba bidhaa hiyo ina antioksidanti kwa wingi. Huenda maelezo hayo ni ya kweli. Kinachopaswa kuulizwa ni iwapo ukweli huo unathibitisha tiba.

Polifenoli ni kemikali ambazo mimea hujitengenezea ili kujikinga na wadudu, vimelea na mionzi ya jua. Karafuu, zao lililoipa Zanzibar jina duniani, iliongoza orodha ya vyakula na vinywaji 100 vyenye polifenoli nyingi zaidi iliyochapishwa na watafiti mwaka 2010, ikiwa na takriban gramu 15 katika kila gramu 100. Ni wazi kwamba hakuna anayetia kiasi hicho cha karafuu katika sufuria ya pilau.

Ili kupima uwezo wa dondoo ya mmea, wataalamu huichanganya na kemikali ya zambarau iitwayo DPPH, na kadiri rangi inavyofifia kuelekea manjano ndivyo dondoo inavyohesabiwa kuwa na nguvu. Kipimo hiki ni rahisi na cha gharama nafuu, ndiyo maana kimeenea. Hata hivyo, hufanyika nje ya mwili, aghalabu kwa dondoo iliyoandaliwa kwa methanoli, ilhali mgonjwa huchemsha dawa yake kwa maji. Aidha, sehemu kubwa ya polifenoli haifyonzwi katika utumbo mwembamba, na inayofyonzwa hubadilishwa na ini. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa hifadhidata yake ya viwango vya antioksidanti katika vyakula, ikieleza kuwa takwimu hizo zilitumiwa vibaya kutangaza bidhaa.

Madhara nayo yapo. Polifenoli zilezile hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma. Mjamzito mwenye upungufu wa damu anayemeza vidonge vyake kwa chai nzito hujinyima sehemu ya faida yake.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza lenye jukumu la kusajili waganga na dawa zao. Mnunuzi ana haki ya kuuliza namba ya usajili kabla ya kulipa, na mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu anapaswa kumweleza daktari kila dondoo anayotumia, bila kuacha dawa alizoandikiwa.