Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Singida: majabali yabaki uwanjani

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kama mzazi kuhusu viwanja vya kuchezea vya watoto wa madarasa ya awali. Ombi langu ni kwamba eneo lisisafishwe hadi likabaki tambarare tupu. Majabali na miti viachwe, na fedha za kuvunja mawe zitumike kuweka mchanga chini ya bembea.

Mtoto wa Singida anakua kati ya mawe. Mwache mtoto wa miaka mitano mbele ya jabali lenye kimo cha kifua chake, utamwona anavyolizunguka, anatafuta pa kuweka mguu, anapanda nusu, na likimshinda anateremka kwa makalio. Jabali halimfichi kitu. Kimo anakiona, utelezi anausikia kwenye nyayo. Mwaka 2007 mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, alitaja aina sita za michezo ya kuthubutu: kupanda juu, kwenda kasi, kutumia zana zenye makali, kukaribia moto au maji, kupigana mieleka, na kujificha mbali na macho ya wakubwa. Sisi tuliokua tukicheza kombolela tunazijua zote. Baadaye yeye na mwenzake wakaeleza kwamba mtoto anayekutana kidogo kidogo na kinachomtisha huishinda hofu yake kadiri anavyokua. Naamini hivyo kwa moyo wote.

Kinachoninyima usingizi ni kile ambacho mtoto hawezi kukiona. Bembea iliyosimikwa juu ya zege. Kiti cha chuma kinachorudi kwa kasi na kumkuta mdogo anayepita nyuma. Chuma cha kuteleza kilichoelekezwa jua la saa nane mchana, mwezi Oktoba. Na mwanya kati ya vyuma viwili, ambao mwili wa mtoto unapita lakini kichwa kinakwama: viwango vya Ulaya vya vifaa vya viwanja vya kuchezea, EN 1176, huikagua mianya ya kati ya milimita 89 na 230 kwa sababu hiyo. Mtoto wa miaka minne hawezi kujua vipimo hivyo. Fundi wa kuchomelea lazima avijue, na mwenye kumpa mchoro ni ofisi yako. Taasisi za ufundi na viwanda vidogo, VETA na SIDO, tunazo hapa hapa Singida.

Dawa nyingi ni za bei ndogo. Mchanga wa korongoni, uliochekechwa mawe na vioo, uwekwe kwa kina cha sentimita 30 chini ya bembea na kusawazishwa kila wiki, maana miguu ya watoto huuchimba. Kiti cha tairi kuukuu, kilichotobolewa ili kisituamishe maji ya mbu. Chuma cha kuteleza kiwekwe chini ya kivuli cha mwarobaini. Jiwe linalotikisika liondolewe, na ufa unaoweza kuficha nyoka au nge uzibwe.

Sisemi tulegeze kila mahali. Mashimo yaliyoachwa na wachimba kokoto hujaa maji masika, na mtoto haoni kina chake. Hayo yafukiwe au yazungushiwe uzio, na kingo za maziwa ya Singidani na Kindai zilizo karibu na shule zilindwe vivyo hivyo.

Yapo pia ya walimu. Mwalimu anayeogopa kulaumiwa kwa goti lililochubuka atapiga marufuku kupanda, kukimbia na hata kuruka kamba, na sisi wazazi ndio tunaomtia hofu hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza miongoni mwa haki za mtoto. Mwalimu hawezi kuisimamia haki hiyo peke yake. Tunaomba waraka wenye saini yako, utakaosomwa kwenye vikao vya wazazi, useme wazi kwamba mchubuko wa kawaida wa mchezoni si uzembe wa mwalimu. Kila shule iwe na daftari la majeraha: nani ameumia, wapi, juu ya kifaa gani. Watoto watatu wakiumia mahali pamoja, afisa elimu na fundi wakapakague kabla kengele ya mapumziko haijagongwa tena.

Waraka huo ukitoka kabla ya shule kufunguliwa Januari, watoto wapya wa awali watakuta mambo yameshapangwa. Wazazi tuko tayari kusomba mchanga.

Mzazi, Manispaa ya Singida