Usijijengee Mlima Unaoujua

Najua nimepotea kidogo. Sababu ni kwamba kona moja ya bedsita yangu hapa Nairobi imegeuka mlima, na mlima huo umenipa la kusema.

Kwa wasioyajua, kuna magari ya rimoti ambayo si ya mbio. Kazi yake ni kupanda miamba, polepole kama kinyonga. Langu ni la kipimo cha 1/24, urefu wake takriban sentimita 20. Magurudumu yote manne yanasukuma, na difu zimefungwa ili gurudumu moja likining'inia hewani mengine yaendelee kuvuta. Hapa mwenye kasi hana lake. Anayeshinda ni aliyechagua pa kupita. Ni kama Rhino Charge yetu iliyoanza mwaka 1989: mshindi ni yule aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi.

Basi msimu wa mvua ulipoingia nikaamua kujenga njia ya vikwazo ndani ya nyumba. Nilitumia kipande cha plaiwudi, lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya katoni la televisheni, mawe machache ya kweli, na simenti niliyoichanganya na gundi nyeupe ya mbao.

Mambo mawili niliyojifunza kwa hasara. Kwanza, usipulize rangi ya kopo moja kwa moja juu ya povu hilo. Rangi inaliyeyusha. Mlima wangu wa kwanza ulinywea kama mandazi ndani ya chai. Pili, usiache njia ikiwa laini. Kwenye mwinuko wa digrii 45, kipimo cha msuguano kati ya tairi na njia lazima kifike 1, la sivyo gari litateleza hata ulipe mota ya trekta. Dawa yake ni kunyunyiza mchanga kabla rangi haijakauka.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Kila nilipoweka jiwe nililijaribu kwa gari langu. Gari likikwama, nilisogeza jiwe. Baada ya wiki mbili gari lilikuwa likimaliza njia nzima bila kuanguka hata mara moja. Nikajiona bingwa.

Jumamosi akaja mpwa wangu wa miaka tisa. Yeye akaanzia mwisho kurudi mwanzo. Jiwe la tatu, gari likabinuka. La tano, likabinuka tena. Akaniuliza, "Anko, kwani hii njia inapandika upande mmoja tu?"

Nilicheka, lakini swali lile lilinichoma. Miaka michache iliyopita, katika kampuni moja niliyoifanyia kazi, niliandika programu ya kulipa mishahara. Majaribio nayo niliyaandika mwenyewe, baada ya programu, na yote yalipita. Nilikuwa nimejaribu kina Otieno na Wanjiku. Mwisho wa mwezi ukafika, programu ikakutana na ile alama ya juu katika jina la Ng'ang'a, ikagoma. Kila mwenye jina la namna hiyo alikaa wikendi nzima bila mshahara, na kodi ya nyumba haingoji. Sikuwa nimepima programu yangu. Nilikuwa nimeisogezea mawe.

Kwa hiyo nilivunja mlima ule. Wa sasa haukugundishwa. Ni vipande vinavyopangwa upya kila wiki, na anayevipanga ni mpwa wangu, si mimi. Vipimo tunavitoa kwenye gari lenyewe. Ngazi zinaanzia nusu ya kimo cha tairi hadi kukipita kidogo. Ubao wa kuegemea upande una bawaba. Kama kitovu cha uzito kiko sentimita 4 juu ya ardhi, na kila tairi liko sentimita 4 kutoka katikati, hesabu inasema gari litapinduka likifika digrii 45. Tunaanza na 30, tunainua kidogo kidogo, tuone kama hesabu inasema kweli.

Na kuna sheria moja: lazima kuwe na kikwazo kimoja ambacho hakuna aliyekipita bado.

Najua wapo watakaosema mchezo ni wa kujifurahisha, ya nini kujitesa? Nawajibu hivi: ile njia ya kwanza, mpwa wangu aliichoka mchana uleule. Hii ya sasa, Jumamosi saa mbili asubuhi yuko mlangoni hata chai hajanywa.

Kwa hiyo ukijenga yako, mpe mtu mwingine apange mawe. Ukiandika programu, mpe mtu mwingine aijaribu, ikiwezekana mwenye jina lenye alama ya juu.

Haya, tukutane tena. Mimi narudi kwenye jiwe la saba, limenishinda tangu juzi.