Boxer au TVS? Uliza kwanza kadi ni ya nani

Wiki ya pili ya muhula huu mdogo wangu alinipigia simu kutoka Nyarugusu, Geita. Hakusalimia sana. "Dada, wewe ndiyo msomi wetu. Nichukue Boxer au TVS?"

Mliotoka kule mnajua uzito wa swali hilo. Kaa kijiweni dakika kumi, iwe Shinyanga mjini, Kahama, Kakola, Masumbwe au Katoro, utausikia mjadala huo, na siku nyingine unakuwa mkali kuliko wa Simba na Yanga. Shinyanga ninayosimuliwa na baba ilikuwa mji wa baiskeli. Abiria alikaa kwenye keria, na baiskeli hizo ndizo zilizoitwa daladala. Baadaye zikaja pikipiki za Kichina, SanLG na wenzake, halafu hizi za Kihindi zikatawala. Leo kijana wa kwetu aliyekosa ajira ana njia mbili zilizo wazi: kushuka duarani au kupanda bodaboda. Kwa hiyo swali la mdogo wangu si la kipuuzi, na mimi nililijibu kwa heshima zote.

Tuanze na mashine zenyewe. Boxer inatengenezwa na Bajaj Auto ya Pune, India, ileile iliyotuachia jina la bajaji za magurudumu matatu. HLX inatoka TVS Motor ya Hosur, kusini mwa nchi hiyohiyo. Bajaj walishirikiana na Kawasaki wa Japani, TVS walikuwa na ubia na Suzuki mpaka 2001. Ukiziegesha Boxer BM 125 na TVS HLX 125 pamoja unaona kama watoto wa shangazi na mjomba: silinda moja, injini ya mipigo minne inayopozwa na upepo, siti ndefu, keria ya chuma nyuma. Wapenzi wa Boxer watakuambia ni ngumu, haiogopi mzigo, na spea zake zinauzwa mpaka kwa Mangi. Wa TVS watakuambia hainywi mafuta, imetulia barabarani na abiria hachoki. Nimesikia pia kinyume chake kabisa, kutoka kwa watu wenye uzoefu uleule.

Wote wanaweza kuwa wanasema kweli. Pikipiki mbili za aina moja, moja ya Ngokolo na nyingine ya Nyarugusu, zinaweza kutofautiana kuliko Boxer na TVS zinazolala ua mmoja. Ya Ngokolo inabeba abiria mmoja kwenye lami. Ya Nyarugusu inabeba viroba vya mawe kutoka duarani kwenda karasha, inashinda gia ya kwanza na ya pili, na inavuta vumbi siku nzima. Chujio la hewa likiziba, injini inakosa hewa na kumeza mafuta yasiyoungua vizuri. Plagi inashika masizi, nguvu inapungua. Vumbi likilipita chujio linasaga ringi na silinda, ndipo unaona moshi. Wengine hufunga sproketi kubwa nyuma ili ivute mzigo. Inavuta kweli, ila injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na mafuta yanakwenda. Halafu mtu anakaa kijiweni anailaumu kampuni ya India.

Kwetu Kishapu adui ni mwingine, ule udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma. Hapo hakuna cha Boxer wala TVS, unatafuta kijiti cha kukwangulia.

Hebu tupige hesabu ya mafuta, maana ndiyo hoja inayopigiwa kelele zaidi. Hizi ni namba za mfano, weka za kwako. Tuseme kwa siku anatembea kilomita 100. Pikipiki moja inakwenda kilomita 50 kwa lita, nyingine 55. Ya kwanza inakunywa lita 2, ya pili lita 1.82 hivi. Lita ikiwa shilingi 3,000, tofauti ni kama shilingi 550 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 14,000 na ushee, na kwa mwaka ni kama laki moja na 70,000. Si pesa ya kudharau, lakini chujio chafu, cheni iliyolegea na tairi lisilo na upepo vinaweza kuimeza yote, uwe na Boxer au TVS.

Kwa hiyo nilimpa mdogo wangu kipimo kimoja tu, nakiita umbali wa kusukuma. Simama kijiweni kwako, hesabu mafundi na maduka ya spea unayoweza kuyafikia ukiisukuma pikipiki mbovu juani. Chukua ile ambayo fundi wa karibu ameshafungua injini yake mara nyingi na anaijua spea feki kwa kuishika. Alikwenda akahesabu. Mafundi watatu, wawili wanaijua Boxer kuliko TVS. Basi Boxer. Angekuwa anapaki stendi ya Kahama, huenda ningemwambia TVS.

Nilidhani tumemaliza. Nikamuuliza kwa mazoea tu, "Na kadi itaandikwa jina la nani?"

Kimya. Halafu akasema, "La bosi, dada. Ni ya mkataba."

Kwa msiojua, mkataba ni hivi. Bosi ananunua pikipiki, dereva anaiendesha na kupeleka hesabu kila siku au kila wiki. Muda wakiokubaliana ukiisha, pikipiki inakuwa ya dereva. Kabla ya hapo kadi inabaki kwa bosi. Ni mpango ambao umewatoa vijana wengi, na sitaki kuutukana. Kijana asiye na shamba la kuweka rehani benki anaupata wapi mtaji mwingine?

Nikamwambia anipigie picha karatasi. Ilikuja WhatsApp jioni ileile: ukurasa mmoja, mwandiko wa mkono. Hesabu shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi 15. Matengenezo juu ya dereva. Ikiibiwa, juu ya dereva. Akikosa hesabu siku tatu mfululizo, pikipiki inarudi kwa bosi na "hatakuwa na madai yoyote". Hakuna jumla ya fedha, tarehe ya kubadilisha kadi, neno la bima wala shahidi.

Miezi 15 ni kama wiki 65. Kwa 60,000 kila wiki inakuja 3,900,000. Chukulia dukani pikipiki hiyo ni 2,800,000. Tofauti ni 1,100,000. Rudi sasa kwenye ile hesabu ya mafuta: kwa miezi 15 hiyohiyo, tofauti ya Boxer na TVS haifiki 220,000. Yaani mdogo wangu alishinda siku nzima akibishana kuhusu laki mbili, na karatasi yenye milioni moja na laki moja aliikunja akaiweka mfukoni bila kuisoma.

Nisimwonee bosi. Pesa yake iko barabarani. Dereva anaweza kutoroka na pikipiki, au ikalala nje usiku mmoja asubuhi ikawa spea sokoni. Ajali zipo. Ile milioni moja na ushee si wizi wote, sehemu yake ni bei ya hofu hiyo, na ni haki yake kulipwa kwa kuibeba. Tatizo langu ni kwamba hofu imelipiwa mara mbili. Dereva analipa milioni ya juu ili bosi abebe hatari, halafu karatasi inasema wizi, uharibifu na ugonjwa vyote ni juu ya dereva. Akiumwa malaria siku tatu za mwezi wa 14, amefanya kazi bure mwaka mzima na zaidi.

Wazee wa kwetu Usukumani walikuwa na utaratibu unaofanana na huu. Mwenye ng'ombe wengi anampa mwenzake baadhi awatunze. Mtunzaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ukiuangalia kwa haraka unaweza kuuita unyonyaji. Lakini masharti yalijulikana kabla ng'ombe hajatoka zizini, majirani walijua, na ng'ombe akifa kwa ugonjwa mtunzaji hakuambiwa alipe ng'ombe mzima. Hawakuandika chochote, na bado makubaliano yao yalikuwa kamili kuliko hii karatasi yenye sahihi mbili.

Sasa nije kwetu hapa chuoni, maana sikuandika haya ili tuwasikitikie watu wa nyumbani. Sisi pia ni mabosi. Boom likiingia, wapo wanaobana matumizi, wanakula mchana tu, wakichanga wawili watatu wananunua pikipiki na kumkabidhi kijana kitaani. Hapa hosteli nawajua wawili. Ni biashara halali na nawapongeza kwa akili hiyo. Lakini nilipowaomba mikataba yao niisome, mmoja alicheka, "Mkataba wa nini, ni mshkaji wangu." Wa pili alinionyesha, na ilikuwa karibu neno kwa neno ile karatasi ya Nyarugusu. Ameinakili kwa rafiki, rafiki kwa rafiki yake, na yeye yuko mwaka wa tatu.

Wenzetu wa sheria watanisahihisha nikikosea. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ina mizizi katika sheria ya India ya 1872, kwa hiyo pikipiki na sheria yake tumezipata upande mmoja wa bahari. Sheria hiyo inasema aliyevunjiwa mkataba apate fidia ya kiasi, hata kama karatasi imetaja adhabu kubwa kuliko hiyo. Maneno "hatakuwa na madai yoyote" hayawi sheria kwa sababu tu yameandikwa kwa kalamu nyekundu. Ila dereva wa Nyarugusu hawezi kuacha kazi akimbilie Mahakama ya Mwanzo huku hana hata risiti moja ya hesabu alizopeleka. Ulinzi wake halisi ni kuiandika karatasi vizuri kabla ya kuwasha injini.

Nilimtumia mdogo wangu mambo manne ya kuongeza. Kwanza, jumla ya fedha na tarehe ya mwisho, na nani atalipia kubadilisha kadi. Pili, kila hesabu ipite kwenye simu au isainiwe kwenye daftari, wote wawili wabaki na kumbukumbu. Tatu, siku za ugonjwa au matengenezo makubwa zisogeze tarehe mbele, na pikipiki ikirudishwa wakae wahesabu kilicholipwa. Nne, bima. Ile ndogo ya lazima inamlipa mtu uliyemgonga, haikulipi wewe pikipiki ikiibiwa. Kama bosi anataka dereva abebe wizi, wakubaliane nani analipia bima kubwa. Yote yasainiwe mbele ya mtendaji wa kijiji au mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote.

Bosi alikubali mawili, tarehe na daftari. La ugonjwa alisema, "Tutaongea ikitokea." La bima kubwa alikataa katakata, kwamba kama kijana anaogopa wizi alale na pikipiki chumbani. Mdogo wangu alisaini. Nilitamani asubiri, lakini kusubiri kwake ni kurudi duarani, na mimi niliyekaa maktaba sina haki ya kumchagulia hilo. Kila jioni ananitumia picha ya daftari. Anailaza pikipiki ndani, miguuni pa kitanda.

Kwa hiyo wadau, likizo inakuja. Mtakaporudi Shinyanga, Geita, Simiyu na Mwanza mtaulizwa swali hili, maana kule mwanachuo anaulizwa kila kitu. Jibuni la Boxer na TVS kwa umbali wa kusukuma, haitachukua dakika tano. Muda unaobaki ombeni karatasi, isomeni kwa sauti mbele ya anayesaini, zidisheni hesabu mpaka jumla ionekane. Na wewe mwenye pikipiki kitaani, chukua ule mkataba wako usiku wa leo, jiweke upande wa dereva, usome kama ni wewe umeumwa malaria mwezi wa 14.

Chama chetu cha wanafunzi kinaweza kufanya jambo moja la bei rahisi: wanasheria na wahasibu wetu waandike mkataba mmoja wa bodaboda wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, tuutoe nakala kabla ya kufunga chuo. Gharama yake ni rimu moja ya karatasi. Mimi nitabeba nakala hamsini mpaka Katoro.