Maji taka yetu ni ya jirani pia



Tunajua kuombea mvua, lakini ni mara chache tunajiuliza maji yanakwenda wapi baada ya kuoga, kufua na kupika. Katika shule, parokia na nyumba nyingi za malezi, jibu ni karo. Likijaa tunaita gari la kunyonya. Likifurika usiku wa mvua, tunanyamaza.

Ukimya huo unawaumiza majirani. Maji yanayoshuka kutoka Meru kupitia Kikwe yanaelekea mto Kikuletwa, na Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu kabla ya kuwa mto Pangani. Uchafu tunaouachia huku, mwingine anauchota kule chini.

Ufumbuzi hauko mbali. Taasisi ya Nelson Mandela iko Nambala, hapa hapa Kikwe, na Profesa Karoli Njau wa taasisi hiyo ametafiti ardhioevu za kujengwa kwa miaka mingi. Kazi yake inaeleweka. Karo hubakiza tope. Maji hupita polepole chini ya kokoto zilizopandwa matete. Vijidudu vinavyoishi kwenye kokoto na mizizi hula uchafu. Kwa kuwa maji hayaonekani juu, mbu hawapati pa kuzaliana na harufu hupungua sana. Maji yanayotoka si ya kunywa, ila yanafaa kumwagilia miti. Hata tope lina kitanda chake cha matete: maji huchujika, tope hukauka, na likiachwa muda wa kutosha hugeuka mbolea.

Wapo watakaosema fedha hazipo. Ni kweli ujenzi una gharama, na vipimo lazima vipangwe na mtaalamu. Lakini penye mteremko hapahitajiki umeme wala kemikali. Kinachoua mabwawa haya ni kusahauliwa: karo lisiponyonywa kwa wakati, tope huziba kokoto.

Hapo ndipo sisi waseminari tunahusika. Tuna ratiba ya kazi za mikono kila wiki. Tunafyeka nyasi na kupalilia bustani. Kukata matete na kukagua chemba hakutatushinda.

Katika Laudato Si', mwaka 2015, Baba Mtakatifu Francisko alifundisha kwamba maji safi ni haki ya kila mtu. Basi kamati za ujenzi zinapopanga jengo jipya, ziulize kwanza maji taka yake yatakwenda wapi. Tusimpelekee jirani kile ambacho sisi wenyewe tusingekunywa.