Msonge wa Zege

Watu wengi wakiona jengo refu la mviringo husema, "Huo ndio usasa." Mimi sikubaliani nao, ingawa zamani nilikuwa mmoja wao.

Hoteli ya Hilton ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1969. Niliuona mnara wake mwaka 1975, nikiwa mwalimu kijana. Nilisimama barabarani nikautazama mpaka shingo ikaniuma. Ghorofa juu ya ghorofa, na mnara mzima hauna pembe! Nilidhani nimeiona kesho. Niliporudi chuoni niliwasimulia wanachuo kwa majivuno, kana kwamba nimeujenga mimi.

Muhula uliofuata niliwapa zoezi la kuchora nyumba bora. Mmoja alichora msonge wa kwao Bukoba, kwa unadhifu mkubwa. Nilimpa alama mbili kwa kumi, na kwa wino mwekundu nikaandika: "Ushamba."

Hebu tujiulize, ndugu msomaji. Duara la zege ni maendeleo, na duara la fito na nyasi ni ushamba? Kwa mantiki gani?

Wapo watakaosema kwamba msonge una giza, moshi na hatari ya moto. Ni kweli. Jumba kuu la makaburi ya wafalme huko Kasubi, Kampala, lililojengwa mwaka 1882, liliteketea Machi 2010. Lakini Waganda hawakusimamisha jengo la pembe nne mahali pake. Walilijenga upya kwa umbo lake la mviringo. Moshi dawa yake ni dirisha, si kulionea haya duara.

Tena ukiingia ndani, msonge una hekima ambayo mnara hauna. Katika misonge mingi moto huwa katikati, vitanda na vyombo hukaa pembeni, na waliomo hutazamana. Katika hoteli ya mnara wa mviringo, katikati huwekwa lifti na ngazi. Vyumba huzunguka kama vipande vya keki, vyembamba mlangoni na vipana dirishani, kila mgeni akiwa amewapa wenzake mgongo. Kisha huletwa kitanda na kabati za pembe nne, zigombane na ukuta uliopinda. Duara limebaki nje tu, kwa ajili ya mpita njia.

Hilton ile ilifungwa Desemba 2022. Sikushangilia, kwani ilikuwa imeupa mji sura yake. Wala sigombani na zege. Nagombana na sisi walimu, tuliowafundisha vijana kwamba kitu cha babu zao hakina thamani mpaka kirudi kwao kutoka ng'ambo, kikiwa na bei.

Kama daftari lile lingerudi mezani kwangu leo, ningempa kijana yule tisa kwa kumi. Ile moja ningemnyima kwa kusahau dirisha.