Risasi Haijawahi Kumaliza Kichaa cha Mbwa

Mtoto akiumwa na mbwa mtaani, jeraha halijakauka watu wameshakubaliana dawa: mbwa koko wauawe. Barua inaandikwa, wenye bunduki wanafika alfajiri au nyama yenye sumu inatupwa jalalani, na kabla ya saa nne mizoga inabebwa kwenye mkokoteni. Watu wanakwenda kazini roho zimetulia, wakiamini wamelindwa. Hawajalindwa hata kidogo, na imani hiyo inaendelea kuua watu, hasa watoto.

Huyo tunayemwita koko, kwanza, ni wa nani? Mchana anazurura, anachakura takataka, hana mkanda shingoni, basi tunahukumu kwamba hana mwenyewe. Mfuate giza likiingia. Utamkuta amejikunja kwenye kibaraza cha muuza vitumbua, au analinda zizi la mbuzi la mzee ambaye kila jioni humtupia ukoko wa ugali. Mbwa wengi wanaozurura vijijini na mijini kwetu wana kaya wanakorudi. Ndiyo maana tangazo la kuua likitoka, mwenye mbwa humficha chumbani, au humkimbizia kwa shemeji yake kijiji cha pili. Kama tayari ameshaambukizwa, maradhi yamesafirishwa kwa mkono wa mtu.

Halafu kuna jambo ambalo wapenda bunduki hawalijui. Kichaa cha mbwa huenea karibu sawasawa penye mbwa wengi na penye mbwa wachache, kwa sababu mbwa mwenye kichaa hutembea mbali akitafuta wa kumng'ata. Kwa wastani mgonjwa mmoja huambukiza wenzake wasiofika wawili. Ugonjwa wa namna hiyo unazimika ukikosa pa kuingilia, na kinachoufungia njia ni mbwa mwenye kinga mwilini. Chanja mbwa 70 katika kila 100, rudia kila mwaka kwa kuwa mbwa wa kwetu hawaishi sana na watoto wapya huzaliwa kila msimu, na kirusi kitakosa pa kwenda. Risasi haiulizi nani amechanjwa. Inamwangusha aliyekuwa ukuta wetu, na miezi michache baadaye nafasi yake inachukuliwa na kijibwa ambacho hakijawahi kuiona sindano.

Visiwa viwili vinatosha kuwa ushahidi. Flores, huko Indonesia, ugonjwa uliingia mwaka 1997 na mbwa walioletwa kwa boti. Wakuu wakaamua kuua, wakaua mbwa kwa maelfu na maelfu. Kichaa kikasambaa kisiwani hata hivyo, na bado kinazika watu. Pemba walichagua sindano. Kampeni za chanjo zilianza mwaka 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 ukazuka tena, baada ya kuletwa kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja upya, na kufikia mwisho wa 2018 ukatokomezwa kwa mara ya pili. Pemba si kisiwa tajiri, wala watu wake hawasifiki kwa kupenda mbwa.

Wapo watakaosema dini ya Kiislamu haimtaki mbwa. Mate yake yana hukumu yake ya twahara, na hilo silibishi. Lakini wanaolisema hilo wameshasikia darasani kisa cha mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Kisa hicho hakitufundishi kumwekea sumu.

Nenda siku moja kwenye uwanja wa shule ya msingi siku ya chanjo. Wanaowaleta mbwa ni watoto. Kamba za katani, vipande vya kanga, mmoja kabeba kijibwa ndani ya ndoo ya maji. Mbwa ambaye mtu mzima hathubutu kumsogelea anatulia pale msichana wa darasa la tatu anapomshika masikio na kumnong'oneza jina lake. Sindano inachomwa chini ya ngozi, kadi inaandikwa, wa pili asogee. Na hicho kijibwa cha ndooni nacho kichanjwe. Kusema kwamba wadogo wasubiri mpaka wakue ni kosa lingine linalotugharimu.

Duniani kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, hospitali haina la kumfanyia. Aliyeumwa leo aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie chanjo, ambayo familia nyingi huuza mbuzi ili kuilipia. Lakini vifo hivi vinaweza kukomeshwa: Mexico ilichanja mbwa kwa miaka mingi bila kukoma, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kuwa nchi hiyo imemaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukiitishwa na mtu akasimama kudai bunduki, mwombeni kwanza afisa mifugo daftari la chanjo. Someni kwa sauti mbwa wangapi wamechanjwa mwaka huu. Ikiwa hawafiki saba katika kila kumi, hizo fedha za risasi zinunue dozi, na tarehe ya kuchanja itangazwe papo hapo kabla watu hawajatawanyika.