Dola 3,600 za Miami

Nimeona niandike hapa kwa wote badala ya kujibu simu moja moja.

Mdogo wangu wa Ohio kawatumia picha ya karatasi ya mzigo: Chicago hadi Miami, dola 3,600. Na nasikia kiwanja cha Kibaha kimeshapata mnunuzi ili roli lipatikane. Mimi nasema subirini kwanza. Hiyo ni bei ya mzigo, pesa ya mwenye roli ni kitu kingine kabisa.

Tuhesabu pamoja. Chicago hadi Miami ni kama maili 1,380, yaani dola 2.60 hivi kwa maili. Si mbaya. Sasa ukishashusha, Miami unatokaje? Florida inapokea shehena nyingi kuliko inayotoa, maroli yanagombania mizigo michache ya kutokea, na madalali wanalijua hilo. Ukiacha miezi kama Aprili na Mei, mboga na matunda yanapovunwa, watakutajia bei ya matusi. Ndiyo maana ya kuingilia ilikuwa nono! Basi wengi wanaondoka tupu mpaka Atlanta, maili nyingine 660 kwa dizeli yao wenyewe. Gawanya upya kwa maili 2,040: dola 1.76.

Tuseme roli linakwenda maili 6 kwa galoni na dizeli ni dola 4. Dola 1,360 zimeungua, zimebaki 2,240, na siku tano zimekwisha. Wakati huohuo kuna mzigo wa Chicago hadi Atlanta, maili 715, dola 1,700, ambao watu wanaupita kwa dharau. Dizeli yake haifiki dola 480. Unabakiwa na 1,220 kwa siku mbili, na umeshushia mahali ambapo mzigo mwingine unapatikana. Bima na marejesho ya mkopo wa roli vinahesabu siku, havijali kama tairi linazunguka.

Halafu kuna ghala. Hapa Marekani ukishaanza kazi una saa 14, ndani yake kuendesha ni saa 11 tu, kisha upumzike saa 10 mfululizo. Kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye roli inaandika kila kitu, huwezi kuidanganya kama vile vitabu vya zamani. Ghala likikuweka saa sita mlangoni, siku imekwenda. Kwa kawaida saa mbili za kwanza hazilipwi, na zinazofuata ni mpaka uwe mlikubaliana na dalali kwa maandishi. Kuna maghala mimi siendi hata kwa bei gani. (Mjomba aliyewahi kulala foleni ya Tunduma na shehena ya Kongo ananielewa bila maelezo.)

Baba mdogo, simkatazi kijana, ni mchapakazi na leseni anayo. Lakini naomba aniletee mizigo yake mitano aliyobeba kwa roli la tajiri wake, na kwa kila mmoja aandike maili zote, zenye mzigo na tupu, dizeli, saa alizongoja, na alitoka vipi huko alikoshusha. Jumapili nitakuwa nimepumzika, anipigie tuipitie wote watatu. Mnunuzi wa kiwanja mwambieni angoje mpaka hapo.